Risasi ya Azema

Telesfor Verdin hakuwa mpiga bunduki. Alikuwa mtu wa kamba.

Kwenye vinamasi vya kusini mwa Louisiana, mamba haendewi na mtu mmoja. Mmoja huvuta, mwingine hupiga. Mvutaji hushika kamba yenye ndoana na kumleta mamba mpaka ubavuni mwa boti, mzima, na hasira zake zote. Mpigaji hungoja kichwa kitokeze, akamaliza. Mara nyingi huwa ni ndugu wawili, au baba na mwanawe. Kwenye boti ya Verdin walikuwa mume na mke, na mpigaji alikuwa mke.

Watu walicheka. Duka la Klebert, ng'ambo ya mto wa Serpolet, lilikuwa na benchi barazani, na benchi lile halikukosa wazee wa kucheka.

"Telesfor, hebu tuambie. Kwako wewe anayevaa suruali ni nani?"

"Sote wawili," alijibu. "Kuna mbu."

Akachukua kahawa yake akaondoka. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno alikuwa nayo Azema, mkewe, tena tele, ila nchi kavu tu. Akiingia botini alinyamaza kama kaburi.

Kazi yao ilikwenda hivi. Telesfor alipiga magoti mbele, kamba mkononi, macho majini. Azema alisimama nyuma yake, goti moja limemwegemea mgongoni. Goti likiwa jepesi, vuta. Goti likigandamiza, tulia, hata kupumua usipumue. Kisha nyuma ya sikio lake la kulia palilia kitu: tap. Kidogo tu, kama mtu anayevunja kijiti kikavu. Kamba ikalegea.

Miaka yote ile hakuwahi kumwona mkewe akipiga. Alimsikia tu. Mvutaji anayegeuza shingo kumtazama mpigaji hurudi nyumbani na mkono mmoja.

Telesfor alizaliwa kwenye nyumba iliyoezekwa kwa majani ya mitende midogo ya kinamasini. Shule alikwenda asubuhi moja. Mwalimu alisimama mlangoni akasema watoto wa Kihouma, kabila la wenyeji wa vinamasi vile, hawasomi hapa. Mtoto akarudi nyumbani, chakula chake cha mchana bado kimefungwa, na baba yake akampa kamba. Baba huyohuyo alikuja kuwekewa karatasi mezani na watu wenye viatu safi. Akatia alama ya msalaba asijue anatia nini, na baadaye akaambiwa atoke kwenye kinamasi cha babu yake. Kilichobaki ni ukanda mmoja, kutoka barabarani mpaka majini, na kinamasi kidogo nyuma.

Ukanda huo ndio walioukalia Telesfor na Azema. Kimbunga kilichukua paa, wakarudisha paa. Kilirudi kulichukua, nao wakarudi kuliezeka. Maji ya chumvi yalipanda yakaua mialoni, wakaishi na mialoni iliyokufa. Watu wa kampuni za mafuta walikuja kuuliza kama wangeuza. Azema aliwapa kahawa, akangoja vikombe viishe, akawaambia kwaherini.

Halafu Azema akaugua kifua.

Majira ya joto yale hakuweza tena kupanda botini. Alikaa kwenye gati nyuma ya nyumba, shali mabegani pamoja na joto lote lile, na bakuli la shingo za kuku mapajani. Mwanamke aliyeua mamba wa kujaza kanisa akaanza kumlisha mmoja. Aligonga ubao wa gati kwa upawa, mara mbili, na dume moja jeusi, pana kama mlango, likatoka kwenye matete na kuja kufungua mdomo.

Alimwita Padri.

"Kwa nini Padri?" Telesfor aliuliza.

"Humwoni mpaka kuna kuku."

Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Telesfor angeweza kumwambia kwamba mamba anayelishwa ni mamba asiyeogopa, na Azema alilijua hilo kuliko yeye. Hakusema. Mgonjwa ana vitu vichache vinavyomjia anapoviita.

Azema alizikwa juma la Watakatifu Wote, wakati kila ukoo uko makaburini na ndoo za chokaa. Makaburi yote yalipakwa upya isipokuwa lake. Lake lilikuwa jipya.

Machipuko yalipofika Padri alirudi. Alielea mbele ya gati na kutazama mahali palipokuwa na kiti. Telesfor akaingia ndani, akatoka na upawa. Hakumpenda yule mamba. Lakini kwenye nyumba nzima hapakuwa na kingine kilichoujua mlio ule.

Mwezi wa nane maji yalipanda. Lorina, binti yao pekee, alikuwa amekuja kutoka mjini Houma na watoto wake wawili. Watoto walikaa barazani wanakula tikiti maji. Mbwa wa Telesfor, mzee mwenzake aliyeitwa Kafe, alilala kwenye ngazi za gati kama kawaida yake. Padri alipanda ngazi mchana kweupe, polepole, kama mtu anayerudi kwake, akaondoka na mbwa. Watoto waliona yote.

Lorina aliwaingiza garini kwanza, akafunga milango, ndipo akamrudia baba yake.

"Baba, wameona. Wote wawili wameona."

"Najua."

"Angeweza kuwa mmoja wao."

"Najua, Lorina."

"Basi fungasha. Chumba kipo, kitanda kipo, televisheni ipo."

"Televisheni siioni vizuri."

"Baba!"

"Anayeondoka hapa ni mamba."

"Basi nampigia simu mtu wa serikali aje amtoe."

"Mamba wa ardhi hii wanauawa na watu wa ardhi hii. Lebo ninazo." Serikali humpa mwenye ardhi lebo za msimu wa kuwinda, moja kwa kila mamba, na za Verdin zilikuwa zimening'inia jikoni kama kila mwaka.

"Watu gani, Baba?" Lorina alisema. "Mpigaji amekufa."

Neno lilitoka, likakaa pale kati yao. Lorina aliuma mdomo, lakini hakulirudisha. Alikuwa mtoto wa mama yake.

"Sikiliza," alisema. "Msimu ukifungwa na yule bado yumo majini, unakuja Houma. Watoto wangu hawakanyagi hapa mpaka atoke, na mimi sikuachi hapa peke yako naye. Niapie."

Telesfor alitazama ngazi. Damu ya Kafe ilikuwa bado mbichi.

"Naapa," alisema. "Lakini huyo hakai."

Msimu ulipofunguliwa, wa kwanza kufika alikuwa Dwight, mume wa Lorina, mtu wa kazi za mafuta baharini, mwili mkubwa na roho nzuri. Alikuja na bunduki yake ya kuwindia paa na risasi ndefu kama vidole, zimevikwa shaba kichwani.

"Baba mkwe, hii inatoboa injini ya gari."

"Sijaona mamba mwenye injini."

"We ngoja uone."

Padri alielea mbali kidogo na gati, macho na pua tu juu ya maji. Telesfor alitazama maji. Yalikuwa yametulia kama meza.

"Dwight, maji bapa hayo. Risasi ikigusa pale itaruka kama kigae anachorusha mtoto."

"Hii ina nguvu, Baba. Hii inazama."

Akapiga. Padri alizama, mzima. Risasi haikuzama. Iligonga maji, ikaruka, ikavuka mto na kuingia kwenye sanduku la barafu mbele ya duka la Klebert. Kwa muda hapakuwa na sauti ila ya barafu inayomwagika barazani. Kisha mlango wa duka ukafunguka, akatoka Klebert, aproni tumboni, mikono juu.

"Nimejisalimisha!" alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Chukueni duka! Mke wangu pia mchukueni!"

Dwight aligeuka mweupe kama chokaa. Barazani pale, karibu na lile sanduku, ndipo penye benchi. Aliirudisha bunduki garini na hakuitoa tena.

Telesfor alivuka daraja kuomba radhi. Na kwa kuwa alishafika, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akauliza habari za risasi.

Benchi lilimkodolea macho.

"Unamuuliza nani?" alisema Filiberi, mzee mwenye meno mawili na maoni juu ya kila kitu. "Ulikuwa na mwalimu kitandani, hukumuuliza?"

"Mimi nilikuwa kwenye kamba."

"Haya. Chukua bunduki ya thelathini-thelathini. Mamba mkubwa, risasi kubwa."

"Ndiyo," alidakia Klebert kutoka mlangoni, "ipite kichwa cha mamba, ipite na sakafu ya boti. Umemsahau Ozimo? Aliua mamba na boti siku moja. Alirudi akiogelea."

Benchi likacheka. Hata Telesfor alitabasamu kidogo. Klebert akafuta mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Azema alipigia bunduki ile ndogo, ya ishirini na mbili. Hilo unalijua. Risasi alizichukua kwangu, aina mbili. Moja ina kishimo kwenye ncha. Nyingine ncha nzima, ya mviringo."

"Ya mamba ni ipi?"

"Sikumuuliza. Wewe ungethubutu kumuuliza Azema mambo yake?"

"Ya kishimo," alisema Filiberi. "Hata mtoto anajua. Kile kishimo kinaifungua risasi, inachanua, inararua. Mnyama mkubwa anataka jeraha kubwa."

"Sungura, sawa," alisema Klebert. "Mamba, sijui."

Telesfor alirudi nyumbani na hilo. Bunduki ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, chini ya aproni ya Azema. Risasi zilikuwa kwenye kopo la hamira juu ya jiko, aina zote mbili zimechanganyika. Azema hakuwa na haja ya kuzitenga. Aliingiza mkono, akapapasa ncha kwa kidole gumba, akatoa anayoitaka huku anaongea mengine. Telesfor aliingiza mkono wake. Alipata za kishimo, akapata na nzima, na kidole chake hakikumwambia kitu.

Alifikiri. Maneno ya Filiberi yalikuwa na akili. Jeraha kubwa kwa mnyama mkubwa. Akachukua za kishimo.

Alisimika ufito kwenye ukingo, akaning'iniza paja la kuku lililoanza kunuka, ndoana ndani, kamba imeshikwa juu ya maji kwa kibanio cha nguo. Padri hakuwahi kufundishwa kushuku kuku. Asubuhi kamba ilikuwa imekazwa.

Hapakuwa na wa kumwita, na angekuwepo asingemwita. Aliifunga kamba kwenye kishikizo cha boti, akavuta kwa mkono mmoja, bunduki kwenye mkono mwingine. Kichwa kilipotokeza alipiga. Paa! Mlio ulimshtua yeye mwenyewe. Padri alitikisa kichwa kama mtu aliyezabwa kofi. Kisha akajiviringisha. Kamba ikauzunguka mkono wa Telesfor na kuchukua ngozi ya kiganja chote, boti ikalala ubavu, maji yakaingia. Ndoana ilinyooka kabla boti haijapinduka. Hilo tu ndilo lililomwokoa.

Padri akaenda zake.

Benchi la Klebert lilikwishajua kabla hajamaliza kufunga kitambaa mkononi.

"Tunasikia Padri amekupa baraka," Filiberi alisema.

"Msimu haujafungwa," alijibu Telesfor.

Lakini tangu siku ile Padri hakugusa ndoana. Kuku walioza kwenye fito. Siku zikayeyuka.

Msimu ulipofika ukingoni Lorina alikuja peke yake, nyuma ya gari maboksi matupu. Alitazama maji kwanza, kama Padri bado yumo, akauona mkono baadaye. Alikaa jikoni bila kuvua koti.

"Ulikwenda peke yako."

"Ndiyo."

"Na bunduki ya Mama."

"Ndiyo."

"Ungekufa, Baba. Ningekuja hapa nikute nini? Kofia?"

Telesfor alishusha kopo, akaweka risasi mbili mezani, sambamba. Moja ina kishimo, moja nzima.

"Ya mama yako ni ipi?"

"Mimi nitajuaje? Alinifundisha kupiga makopo ya maharage. Mamba hakunipeleka. Alisema botini hakuna nafasi ya watatu." Akazisukuma. "Nimekuja na maboksi, Baba."

"Nimeyaona."

"Uliniapia."

"Niliapa mpaka msimu ufungwe. Umefungwa?"

Lorina alimtazama. Mzee alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, mkono kama mkate uliofungwa leso. Na bado alikaa kwenye kiti chake kama msumari.

"Haujafungwa," alisema Lorina.

"Basi shika bunduki. Njoo."

Boti ilikuwa imefungwa gatini. Telesfor aliingia, akapiga magoti mbele, akashika kamba isiyo na kitu. Alimwonyesha kisiki cha mwaloni uliokufa kwenye ukingo wao wenyewe, udongo mwingi nyuma yake.

"Simama nyuma yangu. Piga kile. Tumia moja ya hizi, kisha nyingine. Usiniambie ni ipi."

"Baba, hii nini sasa?"

"Piga."

Lorina alisimama. Boti ilitikisika kidogo, ikatulia. Alipiga.

Paa! Mlio mkali, kama mjeledi, ukagonga mialoni mikavu na kurudi. Telesfor alitikisa kichwa.

"Hiyo si yake."

Lorina akabadilisha risasi. Alianza kuelewa. Akalenga, akapiga.

Tap.

Telesfor hakugeuka. Kamba ilikuwa mikononi mwake na hakuna kitu upande wa pili.

"Baba?"

"Rudia."

Lorina alirudia. Tap. Kijiti kikavu, nyuma ya sikio la kulia.

"Rudia."

Akarudia.

"Baba, zitaisha."

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo yenyewe."

Ilikuwa ile nzima, ya ncha ya mviringo. Ile isiyochanua, isiyo na haraka na kwa hiyo isiyo na kelele, inayokwenda mbele tu mpaka ifike. Lorina aliketi kwenye sakafu ya boti, bunduki mapajani, akalia, jambo ambalo hakulifanya makaburini. Telesfor aliendelea kutazama maji ili amwache alie.

Alipomaliza, mzee akasema, "Kesho asubuhi. Mimi navuta."

"Nani kakwambia mimi napiga?"

"Hakuna."

"Nimekuja na maboksi."

"Yatalala."

Jua lilikuwa bado juu alipotega upya, safari hii karibu na gati. Hakuweka paja. Aliweka shingo za kuku, zimefungwa pamoja na uzi. Kisha akaingia jikoni akatoka na upawa, akasimama nao juu ya ubao. Akasimama sana.

Kumwita kwa mwito wa marehemu, ili umuue. Hakuna aliyemfundisha kama hilo linafaa au halifai.

"Mama angefanya?" Lorina aliuliza kutoka barazani.

"Mama yako angekuwa ameshamchuna."

Akagonga mara mbili.

Asubuhi kamba ilikuwa imekazwa mpaka inalia. Waliingia botini bila kuongea. Telesfor alipiga magoti, akazungusha kitambaa kingine kiganjani, akashika. Kule chini kulikuwa na uzito wa ng'ombe. Alivuta, akaachia kidogo, akavuta. Hii ilikuwa kazi yake, na hata kwa mkono mbovu hakuna mtu kando ya mto ule aliyeijua kuliko yeye.

"Nipige wapi?" Lorina alinong'ona.

Hilo Telesfor alilijua pia, kwa upande mwingine. Ndiye aliyechuna kila mamba aliyeuawa na Azema, na tundu za risasi za Azema alizijua kwa kidole.

"Si kwenye mfupa. Mfupa wa paji umeinama, unatupa risasi pembeni. Nyuma yake, pale kichwa kinapoishia na shingo kuanza, kuna mbonyeo, mdogo kama medali ya Bikira Maria. Hapo. Kutoka juu, ikielekea chini."

"Na nikikosa?"

"Usikose."

Kichwa kilitokeza ubavuni mwa boti, cheusi, kipana, na maji yakitiririka kati ya macho. Kwenye paji palikuwa na kovu jipya. Padri alifungua mdomo, na Telesfor akauona ndani wote, mweupe kama pamba. Akavuta tena, shingo ikainama.

Ndipo alipolisikia goti. Liliegemea mgongoni mwake, jepesi.

Hakuwahi kumwambia Lorina habari za goti. Labda ni boti tu; labda mtu akisimama pale hana mahali pengine pa kujishikiza.

Goti likagandamiza. Akatulia. Hakupumua.

Tap.

Kamba ikalegea.

Walikaa hivyo, wote wawili, mpaka maji yalipotulia. Lorina akashusha bunduki.

"Amekufa?"

"Mfunge mdomo kwanza, ndipo uulize."

Wakamfunga mdomo, wakamtia lebo mkiani, wakamvuta mpaka bandani. Telesfor alichuna kwa mkono mmoja na nusu. Chini ya ngozi ya paji, juu ya mfupa, kisu kiligonga kitu. Kilikuwa risasi yake ya kwanza, ile ya kishimo. Ilikuwa imechanua kama uyoga, imelala pale juu ya mfupa, haijaingia hata unene wa ukucha.

Aliiosha, akavuka daraja, akaiweka kwenye benchi kando ya Filiberi.

"Yako hii."

Filiberi aliinua, akaigeuzageuza, akaisogeza karibu na jicho lake zima.

"Hii," alisema mwishowe, "ni kosa la bunduki."

Benchi lilicheka mpaka Klebert akatoka kuona nani amekufa. Telesfor akachukua kahawa yake.

Aliporudi alimkuta Lorina amemimina kopo la hamira mezani. Alikuwa anatenga risasi, za kishimo huku, nzima huku. Nzima alizirudisha kwenye kopo, na kopo juu ya jiko. Za kishimo alizitia kwenye mfuko wa koti.

"Hizi za Dwight. Kwa sungura."

"Awe mbali na maji."

Maboksi yalikuwa bado garini. Lorina alishika bunduki, akatazama nje, akatazama nyuma ya mlango.

"Bado nataka uje Houma, ujue."

"Najua."

"Dume jingine litakuja. Mwakani, mwaka mwingine. Huwa yanakuja."

"Lije."

"Utazeeka."

"Nimeshazeeka. Iko wapi hapo habari mpya?"

Lorina akaguna. Alisimama na bunduki ile kama mtu anayeulizwa swali na ukuta. Kisha akaisimamisha nyuma ya mlango wa jikoni, akaishusha aproni ya mama yake juu yake, akaunyoosha mkunjo wake.

Kwenye jiko palikuwa na sufuria ya mchuzi wa nyanya na pilipili, na vipande vya mkia wa Padri ndani yake. Telesfor aliosha upawa kwa maji ya moto, mara ya kwanza tangu ulipotoka jikoni kwenda gatini, akapakua juu ya wali, sahani mbili.

"Baba. Huyu alimla Kafe."

"Mwezi wa nane. Ameshamsaga."

Lorina alicheka bila kutaka. Akavua koti.

"Kula," alisema mzee, "kisha ukawalete watoto."

"Leo? Unanifukuza?"

Telesfor aliketi kwenye kiti chake, akaangalia mlango ulio wazi, gati, na maji matupu.

"Hapa hafukuzwi mtu," alisema, akaanza kula.